Kuijua Pembe: Jinsi Kompyuta Inavyoongoza Spindeli ya Kerezo

Hesi ya bolti haikatwi kwa mara moja. Chukua bolti ya M20, ambayo kipenyo chake ni milimita 20 na umbali wa kutoka mfereji mmoja wa hesi hadi unaofuata ni milimita 2.5. Ili hesi hiyo ikamilike, kisu cha kukatia hakina budi kuchimba kiasi cha milimita 1.5 ndani ya chuma. Kisu kikilazimishwa kuuondoa unene huo wote kwa mpito mmoja, ama kitavunjika, ama kitakirarua chuma badala ya kukikata. Kwa hiyo hupitishwa mara kumi au zaidi, na kila mara huzama kidogo zaidi.

Mpito wa kwanza hauna shida, kwani chuma bado ni kitupu na kisu chaweza kuanzia popote. Shida huanza katika mpito wa pili. Kisu kimekwisha rudishwa mwanzo, chuma kinaendelea kuzunguka, na sasa kisu kinatakiwa kiingie katika mfereji ule ule kilichouchimba. Kikichelewa kwa nusu mzunguko, kitaangukia juu ya tuta lililoachwa baina ya mifereji miwili, kitalikata, na bolti itatupwa pamoja na vyuma chakavu. Chuma kinachozunguka mara 500 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 0.12. Nusu ya muda huo ni sekunde 0.06, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kujua kasi ya kitu kizungukacho ni jambo moja. Kujua pembe yake, yaani kwamba katika nukta hii alama fulani ya kitu hicho iko juu na wala haiko ubavuni, ni jambo jingine kabisa. Mashine nyingi za kuzunguka hazihitaji lile la pili. Feni haihitaji, pampu ya maji haihitaji, wala kinu cha kusaga mahindi. Kerezo linahitaji, na historia ya kuongozwa kwake, tangu magurudumu ya meno hadi kompyuta, kwa sehemu kubwa ni historia ya namna ya kuijua pembe hiyo.

Kerezo la magurudumu ya meno

Neno kukereza lilikuwako pwani kabla ya mashine za chuma kufika. Maseremala walikereza miguu ya vitanda na viti, mti ukizungushwa huku na huko na patasi ikiukwangua hadi ukawa mviringo. Kerezo la chuma hufuata kanuni hiyo hiyo: kinachozunguka ni kile kinachokatwa, na kisu chenyewe hakizunguki bali husogea tu. Sehemu inayobeba chuma na kukizungusha huitwa spindeli. Ni mhimili mnene, aghalabu wenye tundu lililopenya toka mwanzo hadi mwisho, uliopakatwa na beringi imara. Mbele yake hufungwa kishikio chenye taya, mara nyingi tatu, ambazo hukibana chuma. Kisu nacho hufungwa juu ya kibebeo kinachoteleza sambamba na mhimili huo.

Katika kerezo la zamani, ambalo bado linafanya kazi katika karakana nyingi na vyuo vingi vya ufundi, spindeli na kibebeo cha kisu viliunganishwa kwa gia. Gia hizo huzungusha skrubu ndefu iliyolala chini ya kibebeo, na skrubu hiyo ndiyo inayokivuta. Mwingereza Henry Maudslay alilikamilisha kerezo la namna hiyo karibu na mwaka 1800, na mashine yake mojawapo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London. Hakuwa mtu wa kwanza kufikiria jambo hilo, lakini usahihi alioufikia ulilifanya kuwa kazi ya kila siku ya viwandani. Meno ya gia hayatelezi. Spindeli ikizunguka mara moja, kibebeo husogea umbali ule ule, hata kama mota imepungua nguvu au mkanda umeteleza. Pembe na umbali vimefungwa pamoja kwa chuma.

Lakini fundi hapendi kuirudisha skrubu nyuma kwa mwendo wa polepole kila baada ya mpito. Hupenda kuifungua ile nati iliyopasuliwa katikati ambayo hukishikamanisha kibebeo na skrubu, akakivuta kibebeo kwa mkono hadi mwanzo, kisha akaifunga tena. Je, aifunge lini? Hapa mwanafunzi wa hisabati atakutana na rafiki wa zamani, kigawe kidogo cha shirika. Tuseme skrubu ndefu ina hatua ya milimita 6, nayo hesi inayokatwa ina hatua ya milimita 1.5. Kwa kuwa 6 ni kigawe cha 1.5, nati yaweza kufungwa popote inapokubali kufungika, na kisu kitaingia katika mfereji wake. Lakini hesi ikiwa ya milimita 2.5, kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 2.5 ni 30. Maana yake ni kwamba kibebeo na spindeli hukubaliana tena baada ya kila milimita 30 tu, yaani mizunguko mitano ya skrubu na mizunguko kumi na miwili ya spindeli. Fundi akifunga nati kabla ya hapo, atakata hesi mpya juu ya ile ya zamani. Ndiyo maana makerezo hayo yalitiwa saa ndogo yenye alama, ambayo hugeuka pamoja na skrubu na kumwonyesha fundi wakati wa kufunga. Ni kifaa cha werevu mkubwa kwa bei ndogo, na mwalimu mwenye kerezo la namna hiyo karibu naye atafanya vyema kuwapeleka wanafunzi wakione.

Gia zaondolewa

Mwaka 1952, katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, ilionyeshwa mashine iliyoongozwa kwa namba. Haikuwa kerezo bali mashine ya kuchonga, ambayo kisu ndicho kinachozunguka, na namba zake zilitobolewa juu ya utepe wa karatasi. Kwa makerezo, mabadiliko makubwa yalikuja hasa pale kompyuta ndogo zilipoanza kutiwa ndani ya mashine zenyewe katika miaka ya 1970. Gia za kuunganisha spindeli na kibebeo zikaondolewa. Kibebeo kikapewa mota yake, nayo spindeli ikabaki na yake. Baina ya mota hizo mbili hapana tena jino la chuma. Kuna habari tu.

Habari hiyo huletwa na kifaa kiitwacho enkoda, na njia rahisi ya kukielewa ni kuitazama baiskeli. Gurudumu la kawaida la baiskeli lina spoku 36. Mtu akiketi kando yake na kuzihesabu zinapopita mbele ya kidole, kila spoku itampa digrii 10. Lakini kwa spoku peke yake hawezi kujua gurudumu liko katika pembe gani, kwani spoku zote hufanana. Ipo hata hivyo alama moja ambayo hupita mara moja tu kwa kila mzunguko, nayo ni mdomo wa valvu ya kutilia upepo. Akianza kuhesabu pale valvu inapopita, spoku ya tisa itamwambia kwamba gurudumu limegeuka digrii 90 toka hapo.

Enkoda ni gurudumu hilo katika umbo la kisahani cha kioo au cha chuma. Badala ya spoku 36 ina mistari, mara nyingi 1,024, na jicho la mwanga husoma kila mstari unaopita na kutoa pigo la umeme. Pembeni kuna mstari mmoja pekee, ndio valvu yetu, ambao huitwa alama ya sifuri. Tena macho ya kusoma mistari ni mawili, nayo yamewekwa kwa tofauti ya robo ya nafasi kati ya mstari na mstari. Jicho la kwanza likiona kabla ya la pili, spindeli inakwenda upande mmoja. La pili likitangulia, inakwenda upande mwingine. Aidha, kwa kuhesabu kila kuingia na kila kutoka kwa mstari katika macho yote mawili, mistari 1,024 hutoa hesabu 4,096 kwa mzunguko. Kila hesabu ni digrii 0.088. Kwa hesi ya M20, hatua hiyo ndogo ya pembe ni sawa na milimita 0.0006 za mwendo wa kisu.

Kompyuta ikitaka kukata hesi, hukiweka kisu mwanzo, hungoja alama ya sifuri ipite, kisha huanza kukisogeza kibebeo kulingana na hesabu zinazowasili. Spindeli ikipungua kasi kwa kuwa kisu kimekutana na sehemu ngumu, mapigo hupungua, na kibebeo nacho hupunguza mwendo. Mpito wa pili hungoja alama ile ile, na wa tatu vivyo hivyo. Ikitakiwa hesi yenye mifereji miwili sambamba, kompyuta huanza mfereji wa pili hesabu 2,048 baada ya alama, yaani upande wa pili wa mzunguko. Fundi wa zamani aliifanya kazi hiyo kwa kuzitenganisha gia na kuzipanga upya.

Uzito wa kibebeo

Ingekuwa vyema kama mambo yangeishia hapo. Kibebeo lakini ni chuma kizito, wala hakiwezi kutoka katika utulivu na kufikia mwendo kamili papo hapo. Amri ya kompyuta hutangulia, nacho kibebeo hufuata nyuma kidogo, kama trela livutwalo kwa kamba yenye kunyumbuka. Katika vidhibiti vya kawaida, umbali huo wa kubaki nyuma hulingana na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nao huzidi mara mbili.

Tuseme kuchelewa huko ni sekunde 0.03. Kwa mizunguko 500 kwa dakika na hatua ya milimita 2.5, kibebeo husogea milimita 1,250 kwa dakika, sawa na milimita 20.8 kwa sekunde. Basi kitabaki nyuma kwa milimita 0.62. Hilo peke yake haliharibu kitu, maana kitabaki nyuma kwa kiasi hicho hicho katika kila mpito, na mifereji yote itakubaliana. Sasa fundi, kwa kutaka uso laini, aiongeze spindeli hadi mizunguko 1,000 katika mpito wa mwisho. Kibebeo kitabaki nyuma kwa milimita 1.25. Mfereji wa mwisho utakuwa umehama kwa milimita 0.62, ambayo ni robo nzima ya hatua, na ubavu mmoja wa hesi utakuwa umeliwa. Vidhibiti bora vya siku hizi hutabiri kuchelewa huko na kukipunguza sana, ila kanuni iliyozaliwa hapo imebaki vitabuni: kasi ya spindeli haibadilishwi katikati ya kazi ya hesi. Mashine nyingi huvifunga kabisa vitufe vya kuongeza na kupunguza mwendo mara hesi inapoanza kukatwa. Kadhalika kisu huanzishwa mbali kidogo na chuma, ili kibebeo kiwe kimekwisha fikia mwendo wake kamili kabla ya kugusa.

Mahali pa kuifunga enkoda napo pana hila yake. Inaonekana rahisi kuisoma pembe kutoka kwenye mota, ambayo tayari ina enkoda yake ndani. Lakini mota huzungusha spindeli kwa mkanda, na mkanda wa kawaida huteleza kidogo. Hata pale unapotumiwa mkanda wa meno usioteleza, tatizo la hesabu hubaki. Tuseme mota huzunguka mara tatu wakati spindeli inazunguka mara mbili. Kila alama ya sifuri ya mota inapopita, spindeli imegeuka digrii 240: mara ya kwanza iko 0, mara ya pili 240, mara ya tatu 120, kisha 0 tena. Alama moja, pembe tatu. Kompyuta inayoitegemea alama hiyo peke yake itakata hesi njema mara moja kati ya tatu, na fundi ataitafuta sababu mchana kutwa. Ndiyo maana enkoda ya hesi hufungwa juu ya spindeli yenyewe, au huunganishwa nayo kwa mkanda wa meno wa moja kwa moja, mzunguko kwa mzunguko.

Kuisimamisha mahali pake

Hadi hapa spindeli inazunguka, na kompyuta inaitazama tu. Hatua inayofuata ni kuiamuru isimame katika pembe iliyochaguliwa. Katika lugha ya vidhibiti vingi amri hiyo huandikwa M19, na watu wa kazi hiyo huita jambo lenyewe kuielekeza spindeli. Tofauti yake na amri ya kawaida ya kusimama, M05, ni kubwa: M05 hukata nguvu na kuiacha spindeli isimame inapopenda.

Haja ya kuielekeza huonekana mara tu kazi inapotoka katika umbo la mviringo. Mara nyingine hutakiwa kutobolewa tundu ubavuni mwa mhimili, na tundu la pili digrii 90 kutoka la kwanza. Mara nyingine mkono wa mashine huleta kipande kisicho cha mviringo, na taya ziwe zimeelekea upande unaofaa ili kipokewe. Yapo pia makerezo yenye spindeli mbili zinazotazamana: ya kwanza ikimaliza upande wake, ya pili husogea, hukishika kipande na kukivuta. Kipande kikiwa fimbo yenye pande sita, na kishikio cha pili nacho kina tundu la pande sita, spindeli mbili zisipokubaliana kwa pembe, kona zitakutana na taya. Katika mashine bora makabidhiano hayo hufanyika bila kusimama, spindeli zote mbili zikizunguka kwa kasi moja na kwa pembe moja.

Namna ya kuielekeza ni hii. Kidhibiti hupunguza kasi hadi mwendo mdogo, hungoja alama ya sifuri, kisha hubadili swali linaloulizwa. Wakati wa kukata, swali ni, “Kasi iliyopo imepungua kiasi gani kuliko iliyotakiwa?” Sasa swali ni, “Pembe iliyopo iko mbali kiasi gani na iliyotakiwa?” Ikitakiwa digrii 90, lengo ni hesabu ya 1,024. Spindeli ikiwa katika hesabu ya 900, zimebaki 124, na mota hupewa nguvu ya kulingana na upungufu huo. Kadiri unavyopungua, ndivyo nguvu inavyopungua, hadi spindeli itulie. Mtu akijaribu kuisukuma kutoka hapo, upungufu hujitokeza tena na mota humsukuma kwa upande wa pili. Programu huwekewa pia muda wa mwisho. Pembe isipofikiwa katika sekunde zilizopangwa, mashine husimama na kutoa onyo, maana ni hatari kuendelea kutoboa mahali pasipojulikana.

Kwa kazi ya kuchonga juu ya kerezo, hesabu 4,096 hazitoshi. Juu ya kipande chenye kipenyo cha milimita 100, hesabu moja ni milimita 0.077 za mzingo, nayo ni kubwa mno. Makerezo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo huigawanya spindeli katika sehemu za digrii 0.001, yaani sehemu 360,000 kwa mzunguko, na hesabu moja juu ya kipande hicho huwa chini ya milimita 0.001. Kisha breki huibana spindeli ili kisu kisiigeuze.

Mambo hayo yote yanataka mota inayoweza kushika kwa nguvu hata pale isipozunguka, na mota nyingi haziwezi hivyo. Mota ya umeme geu ya aina ya kawaida, yenye bei nafuu na isiyo na brashi za kulika, kwa muda mrefu ilikuwa hodari katika kasi yake moja na dhaifu ilipopunguzwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, mhandisi Felix Blaschke wa kampuni ya Siemens, Ujerumani, alionyesha jinsi mkondo wa umeme wa mota hiyo unavyoweza kugawanywa kihesabu katika sehemu mbili: moja ya kujenga usumaku, na nyingine ya kuleta nguvu ya kusokota. Kila sehemu ikiongozwa peke yake, mota hutii hata katika kasi ya sifuri. Hesabu zake hazina budi kurudiwa mara nyingi mno katika kila sekunde, kwa hiyo njia hiyo ilienea viwandani pale tu kompyuta za chembe moja zilipopata wepesi wa kutosha. Watu husifu kisu na chuma chake. Mageuzi haya ya mota hayasifiwi sana, ingawa bila hayo spindeli isingetii amri ya kusimama.

Ipo kazi moja ambayo kerezo la zamani bado huifanya kwa wepesi zaidi, nayo ni kutengeneza hesi iliyoharibika. Mhimili wa trekta wenye hesi iliyolika ukifungwa katika kerezo la kompyuta, kompyuta haijui mfereji wake uliopo unaanzia pembe gani, kwani alama ya sifuri ni ya spindeli, wala si ya mhimili huo. Fundi wa kerezo la gia hukisogeza kisu kwa mkono hadi kikae vizuri ndani ya mfereji, akaanza. Wa kerezo la kompyuta hana budi kuigusisha ncha ya kisu na mfereji, kuisoma pembe, na kumpa mdhibiti wake tofauti kwa tarakimu. Kwa karakana ambayo kazi yake kubwa ni matengenezo, hilo si jambo dogo la kufikiria wakati wa kuchagua mashine.

Kasi isiyo na mwisho

Kuna amri nyingine ya spindeli ambayo kila mwanafunzi wa ufundi hana budi kuielewa kabla ya kuiandika, kwa sababu kosa lake halimalizikii katika bolti moja. Kisu hukata vyema chuma kinapopita mbele yake kwa mwendo maalumu, tuseme mita 180 kwa dakika. Mwendo huo ni mzingo wa kipande mara idadi ya mizunguko. Kwa kipenyo cha milimita 100, spindeli inatakiwa izunguke mara 573 kwa dakika. Kisu kinapokwangua uso wa mbele kuelekea katikati, kipenyo hupungua, na ili mwendo ubaki ule ule mizunguko lazima iongezeke. Amri iandikwayo G96 huifanya kompyuta ihesabu jambo hilo yenyewe, daima. Kwa kipenyo cha milimita 10 itataka mizunguko 5,730. Kwa milimita 1, itataka 57,300. Katikati kabisa kipenyo ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu.

Spindeli itapanda basi hadi mwisho wa uwezo wake, huku kipande kikiwa kimeshikwa na taya zilizokazwa wakati mashine imesimama. Hapo ndipo hatari ilipo. Taya zenyewe zina uzito, na zinapozunguka hutaka kukimbilia nje. Tuchukue taya ya kilo 1.5 ambayo kitovu cha uzito wake kiko milimita 80 kutoka katikati, na ambayo imebana kwa nguvu ya nyutoni 25,000. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, nguvu ya kukimbilia nje ni kama nyutoni 5,300, na mbano uliobaki ni 19,700. Kwa 4,000 nguvu hiyo haizidi mara mbili bali mara nne, kwa kuwa hufuata mraba wa kasi: ni nyutoni 21,000, na mbano hubaki 4,000 tu. Kwa 4,500 hufika 26,600, na mbano umekwisha. Kipande cha chuma ambacho hakikubanwa na kitu, kikiwa katika kasi hiyo, hutoka. Vishikio vingine hutiwa vizani vya kupunguza nguvu hiyo, na kila kishikio huandikwa kasi yake ya juu. Maandishi hayo ni ya kusomwa.

Hatari ya pili hukaa nyuma ya mashine, mahali ambapo fundi hatazami. Fimbo ndefu ya chuma ikipitishwa katika tundu la spindeli na kuachwa itokeze nyuma bila ya kutegemezwa, huzunguka vyema katika kasi ndogo. Kasi ikipanda, fimbo hupinda kidogo. Ikishapinda, uzito wake huwa nje ya mhimili na huipinda zaidi. Kisha kwa ghafula hukunjika na kuwa rungu lizungukalo. Wapo watu waliouawa hivyo.

Kwa sababu hiyo G96 haiandikwi bila ya kutanguliwa na mpaka. Katika vidhibiti vingi vya makerezo mpaka huandikwa kwa G50 na idadi ya mizunguko. Katika vingine huwa ni G92, au herufi nyingine. Fundi asihamishe programu kutoka mashine moja hadi nyingine bila ya kuhakikisha kwamba mashine ya pili imeuelewa mpaka huo.

Somo hili laweza kufanyiwa mazoezi mahali pasipokuwa na kerezo. Katika miaka ya 1990 taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani iliandika programu ya kuongozea mitambo na kuitoa iwe mali ya umma. Waliokuja kuiendeleza huiita LinuxCNC, nayo hupatikana bure. Pamoja nayo huja mifano ya mashine za kuigiza ambazo huendeshwa katika kompyuta ya kawaida, kerezo likiwa mojawapo. Humo mpaka wa kasi huandikwa kwa herufi D ndani ya amri ile ile ya G96. Mwanafunzi aandike mwendo wa mita 180, mpaka wa mizunguko 2,500, na kisu kitoke kipenyo cha milimita 100 kuelekea katikati. Kabla ya kuendesha programu, aulizwe mizunguko itaacha kupanda katika kipenyo gani. Akigawanya 180,000 kwa 2,500, kisha kwa 3.14, atapata milimita 23 hivi, na toka hapo hadi katikati spindeli hubaki katika 2,500 bila kupanda tena.